Boila Iliyokula Makumbi

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nisiguse kitu. Aliyeniambia ni Fundi Makame, Fundi Mkuu wa boila katika kiwanda cha kukamulia mafuta ya nazi, nje kidogo ya Mji Mkongwe, pale ambapo harufu ya mbata ilikuwa inakupokea kabla hujaliona paa. Ilikuwa miezi michache baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964. Kiwanda kilikuwa kimeshakuwa mali ya serikali, na mimi nilikuwa kijana wa Chukwani niliyemaliza darasa la nane na kusema, bila ya kuulizwa sana, kwamba najua kusoma geji.

"Kaa pale," alisema Fundi Makame, akanionesha kigoda. "Itazame glasi ile. Maji yakishuka chini ya alama, niite. Yakipanda juu ya alama, niite. Yakikaa papo hapo, nyamaza."

Nilinyamaza mpaka jioni. Hivyo ndivyo kazi ilivyofundishwa wakati ule, kwa macho kwanza. Vijana wa siku hizi wanapewa vitabu siku ya kwanza na chuma siku ya mwisho, na sisemi kwamba ni vibaya, ila nasema sisi tuliijua sauti ya boila kabla ya kulijua jina lake la kitaalamu.

Boila ni sufuria kubwa la chuma lililofungwa pande zote. Moto uko chini na ndani ya mabomba, maji yako juu, na mvuke unaotoka unakwenda kufanya kazi. Kwetu sisi mvuke ulipasha moto mbata, yaani nazi iliyokaushwa, kabla haijaingia kwenye mashine ya kukamulia, kisha ukasafisha mafuta, kisha ukapika sabuni. Mbata iliyokamuliwa baridi hutoa mafuta kidogo tu na mengine yakabakia kwenye mashudu. Kwa hiyo mvuke ukisita, kiwanda kizima kimesita, hata kama kila mashine ni nzima.

Moto wetu ulikuwa wa mafuta mazito, meusi kama lami, yaliyoletwa kwa meli. Yalikuwa mazito hata yalihitaji kupashwa moto ndipo yapite kwenye mdomo wa bomba na kuwaka. Uzuri wake ni kuwa mtu mmoja mwenye valvu moja aliweza kuutunza moto kutwa nzima. Fundi Makame alikuwa akisema mafuta ni mfanyakazi asiyeomba likizo wala kufiwa. Mzee huyu alikuwa mtu wa Tumbatu, mfupi, mwenye nyusi zilizoungua zamani zisiote tena vizuri, na alikuwa hapendi mageuzi ya aina yoyote, hata kubadilisha pahala pa kuwekea birika la chai.

Mageuzi yalikuja na Meneja. Meneja wetu mpya alikuwa mwalimu wa skuli kabla ya kuletwa kiwandani, na hakuwahi kuuacha ualimu. Siku ya kwanza aliagiza ubao mweusi, ukatundikwa karibu na lango. Tulikusanyika pale asubuhi moja, akachora mnazi, akachora nazi, akachora mshale.

"Mafuta haya ya kuchomea boila yananunuliwa kwa fedha za kigeni," alisema. "Fedha hizo hizo ndizo zinunuazo mchele na dawa za hospitali. Kila pipa tunalochoma, kuna kitu hakikununuliwa. Na meli ikichelewa, sisi tunakaa tunaitazama bahari. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Kisiwa kizima kimejaa makumbi na vifuu, nasi tunaagiza moto ng'ambo."

Nataka nikiri kwamba maneno yale yaliniingia, na mpaka leo sijaona kosa ndani yake. Makumbi ni lile ganda la nje la nazi, lenye nyuzi. Kifuu ni lile gamba gumu la ndani. Mtu aliyekulia Unguja hawezi kwenda hatua chache shamba asikanyage kimojawapo. Ilionekana kama aibu kununua moto.

Alikuja basi Mtaalamu. Alitoka nchi moja ya Ulaya ya Mashariki, iliyokuwa rafiki yetu siku zile, kijana mrefu mwenye miwani, mkimya, akivaa viatu vya ngozi vilivyokuwa vikilia kila anapotembea. Kwao alikuwa ameendesha boila za vumbi la mbao. Alitoa mdomo wa mafuta, akajenga wavu wa chuma wa kubeba kuni, akapanua mlango wa tanuri, akarefusha dohani ili moshi uvutwe vizuri. Fundi Makame alisimama nyuma yake mikono mgongoni kwa siku zote hizo.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," aliniambia kwa sauti ya chini. "Huyu akiondoka, nani ataitia kuni boila kama mpishi wa harusi?"

"Sisi, Fundi."

"Wewe," alisema.

Kabla ya makumbi, Mtaalamu alitaka kujaribu mbao. Nilipelekwa Jozani kwa muda, nikiitwa msimamizi wa kuni, cheo ambacho hakikuwa na kiti wala kofia. Kule msituni palikuwa na mabaki ya magogo yaliyokwishakatwa, na kazi yangu ilikuwa kuyapakia kwenye lori. Kima punju walikuwa wakitutazama kutoka juu ya miti kama wakaguzi wa serikali. Kuni zilikuwa mbichi, njia ilikuwa ya mashimo, na lori lilikuwa linakunywa petroli ili sisi tuache kuchoma mafuta. Jambo hilo nililiona mwenyewe, lakini aliyelisema ni Bwana Misitu, mkubwa wa pale, siku moja tulipokuwa tunakula mihogo.

"Mwambie Meneja wako," alisema, "msitu huu ni mdogo kuliko njaa ya boila yenu. Mkimaliza hapa mtakuja kuchoma milango ya nyumba zetu."

Nilimwambia Meneja, naye alikuwa mtu wa kusikia. Nilirudishwa mjini, na makumbi yakaanza.

Mwaka ule wa mwanzo ulikwenda vizuri, na naueleza kwa sababu wengi wanapenda kusikia vituko tu. Vifuu vinawaka kwa moto mkali, mfupi, wenye mwanga. Makumbi makavu yanawaka taratibu na kuacha jivu jingi. Ukivichanganya, ukajua lini utie hiki na lini kile, geji ya mvuke inasimama imara. Hasara yake ni ukubwa: palipotosha pipa moja la mafuta sasa palitakiwa rundo la kuficha kibanda, na rundo hilo lazima likauke, libebwe, litiwe kwa beleshi, na jivu lake litolewe. Kazi iliyokuwa ya mtu mmoja na valvu ikawa ya kundi zima kwa zamu. Lakini mishahara ya kundi hilo ilibaki kisiwani, ikanunua ndizi Darajani. Meneja aliyaandika hayo ubaoni kwa chaki ya rangi. Mimi nilipandishwa kuwa msaidizi wa Fundi Mkuu, nikaoa, nikapanga chumba Jang'ombe.

Hata Fundi Makame alilegea. Siku moja nilimkuta ameushika mlango wa tanuri akiutazama moto wa vifuu, akasema ni moto mwema. Aliponiona alisema tena kwamba mafuta yalikuwa bora.

Shida ilianza polepole, na ilianzia kwa madobi. Madobi wa mjini walikuwa wakitumia mkaa wa vifuu kwenye pasi zao, na masonara pia, kwa kuwa mkaa ule una joto kali na moshi mdogo. Wakakuta vifuu havipatikani. Waliokausha mbata mashamba nao walikuwa na matanuri yao yanayotaka makumbi. Zamani mwenye shamba alikushukuru ukimwondolea rundo lile. Sasa alikuuliza unatoa nini. Kitu kikitafutwa na mwenye lori hakiwi takataka tena. Meneja alishangaa, mimi sikushangaa, ila sikujua bado kwamba mwisho wa njia ile ni mlangoni kwetu Chukwani.

Ikaja masika. Makumbi yalilowa mashambani na uani kwetu, na yale makavu yakapungua. Mafuta ya akiba yalikuwa yamekwisha na meli haikuwa na habari. Meneja alituita ubaoni, lakini siku hiyo hakuandika kitu.

"Mvuke ukikatika tutafunga mpaka meli ije," alisema. "Mtakaa majumbani kwa nusu mshahara, na sijui kwa muda gani. Mwenye njia aseme."

Aliyesema ni Mwenyekiti wa kamati ya wafanyakazi. Huyu alikuwa jirani yangu Jang'ombe, mwashi kwa ufundi, aliyekuja mdogo na wazazi wake kutoka bara. Alikuwa mtu mwema na mwepesi wa kazi, wa kwanza kwenye msiba na wa kwanza kwenye harusi. Alisema Jumapili angetoa watu wa kujitolea, wakazunguke kisiwa na malori mawili. Siku hiyo mimi nilibaki zamu kwenye boila.

Walirudi alasiri wakiimba, malori yamejaa mpaka juu. Nilitoka nje kuwapokea, na kabla sijaona kitu niliisikia harufu. Kwa aliyekulia nyumbani kwetu, harufu ile haichanganyiki na nyingine. Ni harufu ya makumbi ya shimoni, ya tope na yai viza, na mimi niliibeba kwenye nguo zangu za skuli miaka yote.

Inafaa nieleze. Wanawake wa pwani yetu huyafukia makumbi kwenye tope wakati maji yamekupwa. Kila mmoja ana shimo lake, amelirithi kwa mama yake au shangazi yake. Huyapanga makumbi, huyafunika kwa tope, kisha huweka mawe juu na pembeni ili maji yakijaa yasiyachukue. Hukaa humo miezi mingi, karibu mwaka, mpaka nyama ya kumbi ioze zibaki nyuzi. Ndipo huchimbuliwa, hupigwa kwa gongo, huoshwa na kuanikwa, na ule usumba, yaani zile nyuzi, husokotwa kamba. Hakuna uzio wala mlinzi. Mwenye shimo anajulikana kwa namna alivyopanga mawe yake, na mwingine haligusi, hata akiwa na dhiki, hata mwenyewe akiwa amekufa, mpaka mrithi wake aje. Mama yangu mdogo, Bi Kazija, aliyenilea baada ya mama yangu kufariki, alikuwa akiweka jiwe jeupe katikati na jiwe refu upande wa kibla. Kwa kamba za shimo lile nilivaa, nikala na kusoma.

"Mwenyekiti," nilisema, "haya mmeyatoa wapi?"

"Chukwani, pwani. Yamezagaa tu kwenye tope, yamelaliwa na mawe. Nadhani ni ya wale wenye mashamba wa zamani, waliyatupa. Hayana mwenyewe."

"Yana wenyewe. Hayo ni mashimo ya watu."

"Mashimo gani, yakhe? Sisi tumekuta matope." Alicheka, kisha akaniangalia usoni, akaacha kucheka. "Mbona hakuna aliyetwambia?"

Ilikuwa maji yamekupwa mbali na mvua inanyesha. Wanawake walikuwa majumbani. Wale wa kujitolea walikuwa watu wa mjini, wengi wa Jang'ombe na Kikwajuni, wala sina haki ya kusema walikusudia. Kwao makumbi yaliyozikwa ni makumbi yaliyotupwa. Nilikwenda kwa Meneja nikamweleza. Alisikiliza, akafuta miwani, akasema moto uendelee mpaka apate ukweli wa jambo lenyewe. Hilo nililichukia, nami nilimwambia nalichukia. Alisema, "Najua," akarudi ndani.

Fundi Makame aliliangalia rundo, akaling'oa kumbi moja, akalilamba.

"Chumvi tupu," alisema. "Ntayachoma kwa kuwa nimeamrishwa. Lakini boila haitoyapenda."

Tuliyachanganya na makavu yaliyobaki. Moto ulifoka moshi wa manjano, mzito, ukajaa uani. Siku ya pili geji ilianza kushuka, na kila tukitia kuni zaidi ilizidi kushuka. Chumvi ilikuwa inayeyuka pamoja na jivu na kuganda juu ya mabomba, gamba gumu kama ukoko wa wali ulioungua. Joto lilikuwa linaishia kwenye gamba na halifiki kwenye maji. Mtaalamu alitazama kupitia tundu la mlango, akatingisha kichwa, akaniuliza makumbi yale yametoka wapi. Nilipomwambia baharini, alidhani amenisikia vibaya.

Asubuhi ya siku ya tatu wanawake walifika. Walikuwa wametoka Chukwani kwa miguu, wamejifunika kanga, na Bi Kazija yuko mbele. Hawakupiga kelele. Waliingia langoni, wakalizunguka rundo, wakapanda juu yake na kukaa, kila mmoja pahala pake, na kwa hivyo watia kuni hawakuwa na pa kuchukulia. Beleshi zikasimama.

"Shikamoo mama," nilisema.

"Marahaba. Ndipo hapa unapofanyia kazi?" Aliitazama dohani mpaka juu. "Pakubwa."

Meneja alitoka. Aliwaamkia kwa heshima, akaomba wateremke wazungumze ofisini, kuna viti na kahawa.

"Tumeshakaa, bwana," alisema Bi Kazija. "Sisi hatukuja kugombana na serikali. Nnakuja kukuuliza kitu kimoja tu, maana wasema wewe ni mwalimu. Moto wenu ukizimika, mtaletewa mafuta na meli. Si ndiyo?"

"Ndiyo, Bi Kazija. Ikija."

"Itakuja, leo au kesho. Shimo langu likichimbuliwa, mimi naletewa na nani?"

Mwenyekiti alikuwa amesimama pembeni, kofia mkononi, na yeye ndiye aliyesema, "Bi mkubwa, mimi ndiye niliyeyachimba. Yachukueni tu, lori ntalitoa mimi."

"Nikayafanye nini, mwanangu?" Hakumkaripia. Alivuta kumbi moja kutoka chini ya paja lake, akalivunja. "Tazama. Halijaiva, na joto la moto wenu lishalikausha. Kumbi likitoka kabla ya wakati wake likapigwa na upepo, haliivi tena hata ulirudishe. Hili sasa ni lenu. Choma."

Sikumbuki vizuri nani alifuata kusema. Nakumbuka Meneja alitazama ubao wake, ule wenye mnazi na mshale, na ilikuwa kama mtu anayetazama mlango aliousahau wazi. Kisha alimwita Fundi Makame.

"Zima," alisema.

"Nizime kabisa?"

"Kabisa. Mabomba yapoe, yasafishwe. Malori yatoke kesho kutafuta makumbi makavu yasiyowahi kufukiwa, popote yalipo, na yapelekwe Chukwani. Yakishajaa mashimo yote ndipo tuzungumze habari ya mvuke."

Niliona nyuso za wenzangu. Kila mtu aliyekuwa uani alijua maana yake: yale makavu machache tuliyoweza kuyapata yangefukiwa tope, nasi tungekwenda nyumbani kwa nusu mshahara. Jang'ombe jioni ile watu hawakunijibu salamu. Jirani mmoja, ambaye watoto wake walikuwa wanakula kwetu, aliniambia nimefungisha kiwanda kwa ajili ya kamba za mama yangu. Niliumia sana, kwa sababu alikuwa anasema kweli kwa upande wake. Mke wangu alisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, akapunguza mchele.

Kwa kuwa nilikuwa mtu wa Chukwani, nilitolewa kwenye boila nikapewa lori. Wiki kadhaa nilikuwa napeleka makumbi pwani, mimi na Mwenyekiti na wale wale wa kujitolea, tukifuata kupwa kwa maji. Wanawake walitusimamia kutoka ukingoni. Mwenyekiti, mwashi anayejenga ukuta ulionyooka kama uzi, alipanga makumbi yake vibaya, mgongo chini, akaamrishwa kuyatoa na kuanza upya mbele ya watu. Aliyatoa. Bi Kazija aliyaweka mawe yake mwenyewe, jeupe katikati, refu upande wa kibla, akasema mawe hayafundishwi.

Mabomba yalipofunguliwa yalionekana yameliwa. Chumvi imo ndani ya chuma kama nondo ndani ya nguo. Mengine yalizibwa, mengine yaling'olewa, na ilibidi vipuri viagizwe kwa fedha zile zile za kigeni tulizokuwa tunazikimbia. Meli ya mafuta ilikuja hatimaye, mdomo wa mafuta ukarudishwa, na Fundi Makame alikaa kwenye kigoda chake bila ya kusema "niliwaambia," jambo ambalo lilinishangaza kuliko yote.

Wengine wangeishia hapo na kusema makumbi hayafai. Sivyo. Kilichotokea baadaye ndicho ninachotaka vijana wakielewe. Meneja aliita kikao, mara hii akawaita na wanawake, na mwakilishi wa madobi, na watu wa mashamba. Ikakubaliwa makumbi yaachiwe wanaosokota kamba na wanaokausha mbata. Boila ichukue vifuu, lakini iwaachie madobi na masonara sehemu yao kwanza. Na masika, vifuu vikilowa, tuchome mafuta bila ya kuona haya. Boila ikaendeshwa hivyo, nusu kisiwa nusu meli, kwa miaka. Mafuta tuliyonunua yalipungua sana, japo si kama mshale wa ubaoni ulivyoahidi. Mtaalamu alipokuwa anaondoka alinipa mkono, akaniambia hesabu zake zote zilikuwa sahihi.

"Ila kwetu hakuna pwani," alisema.

Bi Kazija hakuliona shimo lake likiiva. Alifariki miezi michache kabla, kwa homa, akiwa na usumba wa kuazima mapajani. Hakuwa na binti. Nilipokwenda matangani wanawake wale waliniambia shimo ni langu, na hakuna atakayeligusa mpaka niseme. Nilikuwa mwanamume, mtu wa boila, sijui hata kushika gongo. Nilisema tena na tena wachukue wao, wakakataa, kwani mrithi lazima ashuke mwenyewe. Basi siku ya bamvua, maji yalipotoka mbali, nilikunja suruali nikashuka, nikaliondoa jiwe jeupe. Makumbi yalikuwa yameiva vizuri, laini kama nyama ya kupikwa. Nililia pale kwenye tope, na wao wakaniacha nilie, kisha wakayapiga, wakayasokota, wakanipa kamba. Mwaka uliofuata nikalijaza tena, kwa kuwa sikujua namna ya kuliacha.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilihamishiwa kwenye mitambo ya umeme mjini, yenye injini za dizeli. Mkuu wa Mitambo alikuwa mtu mkali mwenye kupenda usafi, naye alinifundisha mengi ambayo sitayaeleza hapa. Bei ya mafuta ilipopanda, kila mkubwa akawa anauliza tuchome nini badala yake: kuni, mabua, maranda ya mbao. Niliitwa kwenye vikao hivyo kwa kuwa nilisemekana nina uzoefu. Nilikuwa nauliza swali moja kabla ya lile la bei, nani anakitumia kitu hiki sasa hivi, na mara nyingi niliambiwa, hakuna, kipo bure tu. Nilijenga chuki na neno hilo. Wakubwa wengine walinichoka, na mmoja alimuuliza karani mbele yangu kama nimelipwa na wauza mafuta.

Nilistaafu kimya, kama walivyostaafu wenzangu wengi, kwa mkono wa mkuu na saa ya ukutani isiyokwenda. Sikupata utajiri, sikupata ugonjwa. Najua boila, najua dizeli, najua kidogo kuhusu kamba. Sina ugomvi na anayetaka kuyaacha mafuta ya meli, kwa maana nilishayaona yakitufanya tukae tunaitazama bahari. Ayaache. Ila asidhani kwamba akiacha kununua ameacha kulipa.

Hivi karibuni vijana wawili walikuja Chukwani na vyombo vya kupimia. Wanatafuta pahala pa kusimamisha nguzo za upepo, za kutoa umeme, pale pale pwani ambako maji yanakupwa mbali. Wana adabu, walinipigia shikamoo, wakaniletea halua. Walinieleza kazi yao vizuri, nami niliielewa, na nikawaambia kweli kwamba ni jambo jema. Kisha mmoja, akiyatazama maji yaliyojaa, yametulia mpaka ukingoni, akasema uzuri wa hapa ni kuwa hapana mtu.

Nilimwambia mjukuu wangu alete viti vitatu na kahawa. Niliwaomba wakae nami mpaka maji yatoke, tuyatazame mawe.